Mwanga na Nyuzi za Uhai: Jinsi Kifua Kikuu Sugu Kinavyotambuliwa

 

Leo tunazungumza habari za mwanga, na habari za uzi mdogo sana uliomo ndani ya kila kiumbe chenye uhai. Mwisho wa somo utafahamu jambo moja kubwa: jinsi mtaalamu wa maabara anavyotumia mwanga kujua kama kifua kikuu cha mgonjwa kitasikia dawa au hakitasikia.

Somo hili laweza kuonekana gumu. Usiogope. Tutakwenda polepole, hatua kwa hatua. Mwenye kalamu na aandike kila neno jipya analolikuta. Asiyeelewa mara ya kwanza na arudie kusoma, kisha amwulize mwenzake.

1. TUANZE NA BILAURI YA CHAI

Ukitoka mjini Arusha kwa barabara ya Moshi, unapita Tengeru, kisha Usa River, halafu unafika Maji ya Chai. Wenyeji wa hapo hawahitaji kuelezwa jina hili lilitoka wapi. Mto unaoteremka kutoka Mlima Meru una maji yenye rangi kama ya chai, nayo rangi hiyo ndiyo iliyopapa mahali hapo jina.

Je, umepata kujiuliza rangi ni kitu gani?

Mwanga wa jua huonekana mweupe, lakini ndani yake zimo rangi nyingi. Mvua ikinyesha huku jua linawaka, rangi hizo hutengana, nawe unaona upinde wa mvua: nyekundu, rangi ya machungwa, njano, kijani, buluu, na urujuani.

Sasa fanya jaribio. Chukua bilauri safi ya kioo. Tia chai ya rangi, isiyo na maziwa. Inyanyue mbele ya dirisha. Mwanga unaingia upande mmoja wa bilauri na kutoka upande wa pili. Lakini hautoki wote. Chai imemeza sehemu kubwa ya buluu na urujuani, ikaziacha nyekundu na njano zipite. Jicho lako hupokea kilichosalia, nawe unasema, "Hii ni rangi ya chai." Ukizidisha majani, rangi hukolea, kwa sababu mwanga uliomezwa umezidi.

Kwa hiyo rangi ni habari. Hutuambia ni mwanga gani uliomezwa na ni mwanga gani uliopita. Mtu mwenye chombo cha kupimia mwanga aweza kujua ndani ya maji mna kitu gani, na kiasi gani. Elimu hiyo huitwa spektroskopia. Neno ni refu, lakini maana yake ni fupi: kukitambua kitu kwa namna kinavyoumeza mwanga au kinavyoutoa.

Lakini angalia sana. Jicho peke yake halitoshi. Watu wengi wa pande za Meru wana meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi iliyozidi katika maji waliyokunywa walipokuwa watoto. Floraidi yenyewe haina rangi. Maji meupe kabisa yaweza kuwa nayo tele, wala rangi ya chai siyo alama yake. Mpimaji hufanyaje? Njia mojawapo ni hii. Hutia maji hayo katika kichupa, akaongeza dawa yenye rangi ambayo hufifia floraidi inapokuwapo. Kisha hupitisha mwanga, akasoma rangi imefifia kiasi gani. Basi kitu kisichoonekana kimejionyesha kwa njia ya mwanga.

Shika wazo hili. Tutalitumia katika somo lote.

2. UZI WA UHAI

Ndani ya mwili wako, ndani ya mgomba, ndani ya ng'ombe, na hata ndani ya kijidudu kinacholeta kifua kikuu, kuna uzi uitwao DNA. Uzi huo umebeba maagizo ya uhai: kiumbe kijengwe vipi, na kifanye kazi vipi.

Umbo lake ni kama ngazi ya kamba iliyosokotwa. Kamba ni mbili, na katikati mna vipandio. Kila kipandio kimefanywa kwa herufi mbili zilizoshikana mikono. Herufi za DNA ni nne tu. Wataalamu huziita A, T, G na C. Herufi A hushikana na T. Herufi G hushikana na C. Ukijua herufi za kamba moja, umekwisha jua herufi za kamba ya pili.

Umbo hili lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, huko Cambridge, Uingereza. Walisaidiwa sana na picha ya eksirei iliyopigwa mjini London mwaka 1952 katika kazi ya Rosalind Franklin na mwanafunzi wake, Raymond Gosling.

Herufi nne zawezaje kubeba maagizo mengi namna hiyo? Ninyi mnaojifunza kusoma mnalijua jibu. Andika neno BABA. Sasa futa herufi moja, uandike BATA. Umebadili herufi moja tu, na mzazi amekuwa ndege. Ndivyo ilivyo katika DNA. Herufi moja ikibadilika, agizo laweza kubadilika.

DNA ina ndugu yake, aitwaye RNA. Mara nyingi RNA ni kamba moja, siyo mbili, na badala ya herufi T hutumia herufi U. Fikiri habari za daftari kuu la kijiji. Daftari hilo hukaa ofisini, halitembezwi ovyo. Ikihitajika kazi, karani hunakili ukurasa mmoja, na nakala hiyo hupelekwa kwa fundi. DNA ni daftari kuu. RNA ni nakala. Na katika kila kiumbe yumo karani, yaani kitu kidogo ambacho kazi yake ni kunakili DNA ili ipatikane RNA. Mkumbuke karani huyu. Tutakutana naye tena.

3. UZI UNAOKUNJIKA NA UZI UNAONYOOKA

Kijidudu cha kifua kikuu kina herufi kama 4,400,000 katika DNA yake. Uzi huo ukinyooshwa, urefu wake ni kama milimita moja na nusu. Wewe utasema, "Hicho ni kitu kidogo." Kweli. Lakini kijidudu chenyewe ni kidogo zaidi. Gawa milimita moja mafungu 1,000, kisha chukua mafungu 3 tu. Huo ndio urefu wake, zaidi au pungufu kidogo. Maana yake uzi ni mrefu mara 500 kuliko mwenye uzi! Umeingiaje? Umekunjwa na kukunjwa tena. DNA hukunjika.

Lakini haikunjiki ovyo. Chukua uzi mmoja mwembamba wa mkonge. Shika ncha moja. Ncha ya pili huanguka chini, imelegea. Sasa chukua nyuzi mbili, uzisokote pamoja vizuri, ukate kipande kifupi. Kipande hicho husimama kidogo, hakianguki upesi. DNA ni hivyo hivyo. Kamba moja peke yake hulegea na kujikunja. Kamba mbili zilizoshikana, katika kipande kifupi, hukakamaa na kunyooka.

Andika maneno haya katika daftari lako: MOJA HULEGEA, MBILI HUNYOOKA. Juu ya maneno haya manne umejengwa uvumbuzi unaookoa watu.

4. MWANGA HUSOMA UMBO

Uzi huu ni mwembamba mno. Upana wake ni nanomita 2. Nanomita ni kipimo kidogo sana: milimita moja ina nanomita 1,000,000. Ukitia DNA kidogo katika maji, maji hubaki meupe. Jicho halioni kitu. Basi tutajuaje kama uzi umesokotwa au umefunguka?

Kwa mwanga. Lakini siyo kwa mwanga tunaouona. Mwanga husafiri kama mawimbi. Mawimbi ya mwanga unaoonekana yana urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi. Uko mwanga mwingine wenye mawimbi mafupi zaidi, uitwao urujuanimno. Jicho haliuoni, lakini umo katika jua, nao ndio unaounguza ngozi ya mtu asiye na kivuli. DNA humeza sana mwanga huo kwenye nanomita 260.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Mtaalamu hupitisha mwanga huo katika maji yenye DNA, na kuyapasha joto polepole. Mwanzoni mwanga unaomezwa haubadiliki sana. Joto likizidi, vipandio vya ngazi huanza kuachiana. Mwisho kamba mbili hutengana kabisa. Papo hapo mwanga unaomezwa hupanda, hata kufikia karibu asilimia 40 zaidi ya mwanzo. Kwa nini? Herufi zilipokuwa zimepangwa moja juu ya nyingine ndani ya ngazi, zilizuiana. Zilipotengana, kila moja ikapata nafasi ya kumeza mwanga wake.

Basi mtaalamu hakuuona uzi. Aliiona namba tu ikipanda. Lakini alijua: ngazi imefunguka. Maji yakipoa polepole, kamba hutafutana na kushikana tena, na namba hushuka.

Tena, joto la kufungua ngazi si moja kwa nyuzi zote. Kipandio cha G na C hushika imara kuliko kipandio cha A na T. Na kama kuna mahali herufi hazikupatana, ngazi huwa dhaifu, hufunguka mapema, kwenye joto dogo zaidi. Kwa hiyo ukijua joto la kufunguka, umejua kamba mbili zinapatana kiasi gani.

5. MAJIRANI WAWILI WANAOKOHOA

Sasa tuyaache maabara kidogo, twende kijijini.

Tuseme wapo majirani wawili. Wote wawili wanakohoa mwezi wa pili sasa. Wote wamekonda. Usiku wote hutoka jasho. Wa kwanza ameambiwa na jamaa zake kuwa amelogwa. Wa pili amekuwa akinywa dawa ya kikohozi ya dukani, kila mara chupa mpya.

Hatimaye wote wawili wanakwenda kupima. Wana kifua kikuu. Ugonjwa huu huletwa na kijidudu ambacho Robert Koch alikitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Husambaa kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, hasa katika nyumba isiyo na madirisha ya kutosha. Si laana, wala si uchawi.

Dawa ipo. Mojawapo ya dawa kuu huitwa rifampisini. Hapa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika historia yake. Kabla ya miaka ya 1970 mgonjwa alikunywa dawa miezi 18. Kisha watafiti wa Afrika Mashariki na wa Uingereza walijaribu pamoja njia mpya kwa wagonjwa wa nchi zetu. Mwaka 1972 walitangaza matokeo ya kwanza: dawa za miezi 6, rifampisini ikiwamo, zaweza kuponya. Kwa kazi hiyo, wagonjwa wa dunia nzima walipunguziwa mwaka mzima wa kunywa dawa.

Rifampisini hufanya kazi gani? Humshika karani wa kijidudu. Je, unamkumbuka karani? Dawa huingia katika umbo la karani, ikamzuia kunakili. RNA haitengenezwi. Kijidudu bila nakala ni kama fundi bila agizo. Hufa.

Lakini vijidudu ni mamilioni. Mara moja moja kijidudu kinapozaliwa hutokea kosa la kunakili DNA, na herufi moja hubadilika. Kosa hilo likiangukia mahali penye agizo la kumjenga karani, karani huzaliwa na umbo jingine kidogo. Bado ananakili, lakini dawa haimwingii tena. Hicho ni kijidudu sugu. Mgonjwa akiacha dawa katikati, au akipewa dawa zisizotosha, vijidudu dhaifu hufa na sugu hubaki vikizaana. Kisha vyaweza kumwingia mtu mwingine ambaye hajapata kugusa dawa yoyote. Kwa hiyo usimlaumu kila mwenye kifua kikuu sugu kwamba aliacha dawa. Wengine walivuta tu hewa.

Rudi kwa majirani wetu. Wa kwanza ana kijidudu kinachosikia dawa. Wa pili ana kijidudu sugu. Je, kikohozi chao ni tofauti? La. Je, hadubini itaonyesha tofauti? La. Vijidudu vyao vina sura moja. Tena hadubini huhitaji vijidudu kama 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ya makohozi ndipo vionekane vizuri. Kuvipanda vijidudu katika maabara na kuvijaribu kwa dawa huchukua majuma mengi. Katika majuma hayo jirani wa pili anameza dawa zisizomsaidia, na watoto wanaolala chumbani mwake wanavuta hewa ile ile.

Hapo ndipo mwanga unapohitajika.

6. MTEGO WENYE TAA

Mwaka 1996, huko New York, Marekani, wataalamu wawili, Sanjay Tyagi na Fred Russell Kramer, walitangaza uvumbuzi wao. Sisi tutauita mtego wenye taa.

Mtego huu ni kipande kifupi cha DNA cha kamba moja. Nawe umekwisha andika: moja hulegea. Basi kipande hiki kimejikunja kama kibanio cha nywele, ncha mbili zikashikana. Kwenye ncha ya kwanza imefungwa taa, yaani kemikali inayong'aa ikimulikwa. Kwenye ncha ya pili kimefungwa kizimio, yaani kemikali inayoizima taa ikiwa karibu nayo. Mtego ukiwa umekunjika, taa na kizimio hugusana. Ukiumulika, hauoni kitu. Ni giza.

Tumbo la mtego, yaani sehemu ya kati, limeandikwa herufi zinazopatana na herufi za DNA ya kijidudu cha kifua kikuu. Mtego ukikutana na DNA hiyo, herufi hushikana: A na T, G na C. Sasa kamba zimekuwa mbili. Na mbili hufanyaje? Hunyooka! Kipande kinakakamaa, ncha zinavutwa mbali, kizimio kinaachana na taa. Ukiumulika sasa, taa inang'aa.

Umeona? Hakuna mtu aliyeuona uzi. Lakini umbo la uzi limekuwa mwanga. Uliokunjika ni giza. Ulionyooka ni nuru.

Mtego huu umo katika mashine iitwayo GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali kwa kupima kifua kikuu mwezi Desemba mwaka 2010. Hutumika Tanzania na katika nchi nyingi. Kazi yake ni hii.

Kwanza, makohozi huchanganywa na dawa maalumu na kutiwa katika kikasha cha plastiki. Kikasha huingizwa mashinini.

Pili, mashine huivunja miili ya vijidudu, DNA ikatoka. Kisha hupasha joto ili ngazi ifunguke, na kupoza ili nakala mpya ijengwe. Moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Fanya hesabu hiyo mara 30 darasani. Utapata zaidi ya 1,000,000,000. Ndiyo maana mashine hii hutosheka na vijidudu kama 130 tu katika mililita moja.

Tatu, mashine humulika mitego. Iko mitano, kila mmoja na rangi yake, na wa sita ni wa kuhakiki kwamba mashine yenyewe imefanya kazi. Mitego mitano hupimana na sehemu fupi ya DNA yenye herufi 81. Sehemu hiyo ni ya agizo la kumjenga karani, na zaidi ya asilimia 95 ya vijidudu sugu kwa rifampisini vina kosa lao hapo.

Mitego yote mitano ikiwaka, jibu ni hili: kifua kikuu kipo, na rifampisini itakisikiza. Mtego mmoja ukibaki gizani, au ukichelewa mno kuwaka, maana yake herufi imebadilika. Mtego haukupatana nayo, ukabaki umekunjika. Jibu ni: kifua kikuu kipo, nacho ni sugu. Kazi yote haimalizi saa mbili.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikubali namna mpya ya kipimo hiki. Ndani yake mitego hushika hata penye kosa, kisha mashine hupasha joto polepole na kuangalia kila mtego unaachia kwenye joto gani. Wewe umekwisha jifunza kwa nini: herufi zisizopatana huachia mapema.

Mashine za namna hii husoma RNA pia. Virusi vya UKIMWI na virusi vya UVIKO-19 hubeba RNA. Mashine hugeuza kwanza RNA kuwa DNA, kisha huizidisha na kuisoma kwa mwanga. Ndivyo hupimwa wingi wa virusi katika damu ya mtu anayetumia dawa za UKIMWI.

7. WEWE UFANYE NINI?

Ndugu msikilizaji, elimu isiyofika nyumbani haijatimia. Shika mambo haya matano.

La kwanza. Ukikohoa majuma mawili au zaidi, au ukikonda bila sababu, au ukitoka jasho la usiku, au ukipata homa za mara kwa mara, nenda kituo cha afya. Katika vituo vya serikali vipimo na dawa za kifua kikuu havilipiwi.

La pili. Toa makohozi, usitoe mate. Mashine haiwezi kusoma kisichomo. Vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka ndani ya kifua. Ya asubuhi ni bora. Kohoa mahali pa wazi, mbali na watu.

La tatu. Uliza: "Je, kipimo changu kimeonyesha kama dawa itasikia?" Kuuliza si utovu wa adabu. Mganga mzuri hufurahi kuulizwa.

La nne. Ukianza dawa, maliza. Ukiona mkojo umegeuka rangi ya machungwa, usishtuke wala usiache. Rifampisini yenyewe ina rangi. Imemeza buluu ya mwanga, kama ilivyofanya ile chai katika bilauri yako.

La tano. Ukiambiwa kifua kikuu chako ni sugu, usikate tamaa. Ukifuata barabara ya Moshi hadi Boma Ng'ombe, kisha ukapanda kuelekea Sanya Juu, uko katika njia ya Hospitali ya Kibong'oto, wilaya ya Siha. Ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, na mwaka 2009 ilianza kutibu kifua kikuu sugu. Wakati huo matibabu yalichukua karibu miaka miwili, na sindano nyingi zenye maumivu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matibabu ya vidonge vya miezi 6 kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo. Lakini dawa hizo haziwezi kuanza mpaka ijulikane kwamba ugonjwa ni sugu. Na hilo hujulikana kwa mtego mdogo uliobaki gizani.

Wale majirani wawili walikohoa sawasawa. Jicho la mkewe mtu, jicho la rafiki, na hata hadubini, havikuweza kuwatenganisha. Mwanga uliwatenganisha, na kila mmoja akapata dawa inayomfaa. Lakini mwanga haukwenda kuwatafuta nyumbani. Wao ndio waliokwenda kupima.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MANENO MAPYA

Spektroskopia: elimu ya kukitambua kitu kwa namna kinavyoumeza mwanga au kinavyoutoa.
Urujuanimno: mwanga wa jua usioonekana kwa jicho, wenye mawimbi mafupi.
Nanomita: sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 1,000,000.
Sugu: kisichosikia dawa.
Kizimio: kitu kinachozima.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini chai katika bilauri huonekana nyekundu-nyekundu?
2. Eleza kwa maneno yako: "Moja hulegea, mbili hunyooka." Onyesha kwa nyuzi za mkonge.
3. Mtego mmoja kati ya mitano umebaki gizani. Mgonjwa aambiwe nini?
4. Andika maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi moja tu, kama BABA na BATA. Kisha eleza jinsi herufi moja inavyoweza kuizuia dawa isifanye kazi.
5. Jirani yako anakohoa mwezi mzima, naye anasema amelogwa. Utamwambia nini bila kumvunjia heshima?